MTOTO ANAYEJISHITAKI: SOMO JUU YA HUZUNI KALI INAYOLETA SAUTI

Kusoma: 1 Wafalme 19, mstari wa 1 hadi 8, Mathayo 4, mstari wa 23 na 24.



Somo letu la leo ni juu ya ugonjwa ambao watu wanausema kwa sauti ya chini, nyuma ya nyumba. Ni ugonjwa wa huzuni unaowashika vijana wa miaka 12, 15 au 17. Kwa wengine huzuni hiyo inazidi mpaka wanasikia sauti ambazo mtu mwingine hazisikii, na wanasadiki mambo ambayo hayako. Tumeona ni lazima tuuseme waziwazi, kwa maana unapoingia katika nyumba ya wakristo mara nyingi unaleta neno moja la kutisha. Mtoto mwenyewe anasimama mbele ya watu na kusema: «Ni mimi. Mimi ndiye mlozi. Mimi ndiye niliyemuua mdogo wangu.»

Neno hilo ndilo tunataka kulichunguza leo. Je, ni ushuhuda? Je, ni maungamo ya dhambi? Au ni alama ya ugonjwa, kama vile kutapika ni alama ya malaria?

Tuweke mfano. Si mfano wa nyumba fulani, msianze kutafuta ni nani. Kuna msichana wa miaka 15 anayekaa Ndosho na kusoma sekondari. Alikuwa anapiga filimbi pamoja na wenzake, na siku ya nsinsani alikuwa wa kwanza kusimama. Mdogo wake anakufa kwa homa. Msichana analia kama wote, na matanga yanaisha. Lakini yeye hamalizi. Anaacha kula, nguo zinamlegea mwilini. Anaamka saa nane ya usiku na halali tena mpaka asubuhi. Anatumwa kuchota maji, na bidoni inabaki njiani naye ameketi kando yake akitazama chini. Mwalimu anasema amekuwa mvivu. Mama anasema ni kiburi cha umri, kwa sababu akiulizwa kitu anajibu kwa hasira. Filimbi iko juu ya kabati, haishiki tena.

Mwezi unapita. Sasa anasema tumbo lake limeoza ndani, hana damu tena. Usiku anasikia sauti ya mwanaume ikimtukana, ikimwambia kwamba hana faida, kwamba afadhali afe ili watu wa nyumba wapumzike. Kiisha, siku moja katika maombi, anaanguka chini na kusema ni yeye aliyemla mdogo wake.

Hapo nyumba inagawanyika. Mjomba anataka afukuzwe leo leo. Jirani anajua chumba cha maombi fulani ambamo watoto wa namna hiyo wanafungiwa siku saba bila kula. Bibi analia tu. Na mchungaji anaitwa, wote wanamtazama yeye, wanangoja aseme.

Mchungaji aseme nini?

Baridi ya mwenye malaria

Kwanza aangalie mtu mwenye malaria. Jua la Goma linawaka saa sita ya mchana, naye anatetemeka chini ya blanketi mbili, anasema anakufa kwa baridi. Je, anadanganya? Hapana. Je, kuna baridi nje? Hapana. Baridi iko ndani ya ugonjwa. Hakuna mtu wa nyumba anayetoka nje kutafuta mahali upepo unapotokea; wanamtafutia dawa.

Ndivyo ilivyo na hatia ya kijana huyu. Waganga wa ospitali wanajua jambo hili tangu zamani: huzuni ikizidi kabisa, inazaa mafikara ya uongo, na mafikara hayo yanafanana na huzuni yenyewe. Mtu hasikii sauti inayomsifu. Anasikia sauti inayomshitaki. Haamini kwamba yeye ni mfalme. Anaamini kwamba ni mchafu, ameoza, ameua, amemkosea Mungu dhambi isiyosameheka, anastahili adhabu. Anasema hivyo kwa moyo wote, kwa machozi, na kila mtu anayemwona anafikiri: mtu hawezi kujishitaki hivi bila sababu. Lakini sababu iko, nayo ni ugonjwa.

Wala si jambo la Kongo tu. Mwaka wa 1880 huko Paris, munganga mmoja Mfaransa, Jules Cotard, aliandika juu ya mwanamke wa miaka 43 aliyesema hana ubongo, hana mishipa, hana tumbo, na kwamba hakuna Mungu wala shetani. Alisema hahitaji kula. Yule mwanamke hakuwa na jirani wa Birere wa kumroga. Mahali ambapo watu wanazungumza sana juu ya ulozi, mgonjwa atajiita mlozi. Mahali pengine atajiita mwizi, au msaliti wa nchi. Ugonjwa unaokota maneno unayoyakuta katika mji.

Na mji wetu una maneno mengi mazito. Wazazi wengi wa vijana wa leo walikuwa watoto mwaka wa 1994, wakimbizi walipoingia kwa mamia ya maelfu na kolera ikaua watu barabarani. Moto wa Nyiragongo ulipita katikati ya mji tarehe 17 Januari 2002. Kijana wa miaka 15 leo ameona Ebola ikitangazwa Goma mwaka wa 2019. Ameona mlima ukiwaka tena usiku wa tarehe 22 Mei 2021, watu wakikimbilia Sake na Rwanda, watoto wengine wakipotezana na wazazi. Ameona vita vikiingia mjini mwisho wa Januari 2025, na mwezi wa Februari kambi kama Bulengo na Lushagala zikivunjwa, watu wakifunga shiti zao tena mgongoni. Mwaka wa 2019 Shirika la Afya Duniani, ndilo OMS, lilitangaza hesabu hii: mahali penye vita, mtu 1 kati ya 5 ana ugonjwa fulani wa akili, mdogo au mkubwa. Wengi wao hawasikii sauti. Wanaosikia ni wachache, lakini ndio walio katika hatari kubwa kuliko wote.

Eliya chini ya mti

Mtu akisema mkristo wa kweli hawezi kushikwa na huzuni mpaka kutaka kufa, afungue Wafalme. Eliya alikuwa ameshusha moto mbele ya watu wote. Siku chache baadaye yuko jangwani peke yake, amelala chini ya mti, anamwomba Mungu amtoe roho. Nabii!

Tuangalie Mungu alivyofanya. Hakumgombeza. Hakumwambia afunge kula. Alikuwa hali tayari. Hakumuuliza ni dhambi gani aliyoificha. Alimwacha alale. Akamletea mkate na maji, akamgusa, akamwambia ale. Akamwacha alale tena. Akamlisha mara ya pili. Maulizo yalikuja nyuma sana, kule mlimani, Eliya alipokuwa na nguvu za kujibu. Sisi mara nyingi tunageuza mpango huo: tunaanza na maulizo, usiku kucha, mtoto akiwa na njaa.

Kwa hiyo tunasema bila kuficha: kijana mwenye huzuni kali asifungishwe. Mwili wake uko katika mfungo usiotoka kwa Mungu. Anayetaka kufunga juu yake, afunge yeye mwenyewe, na mtoto apewe uji.

Ulizo linakuja hapo hapo: «Basi, mnasema pepo hawako?» Hatusemi hivyo. Someni Mathayo 4, mstari wa 24. Mwandishi anahesabu wagonjwa walioletwa kwa Yesu, na wenye pepo anawaweka mbali na wenye kifafa, na wenye kifafa mbali na waliopooza. Hakuwachanganya katika gunia moja. Kama Injili inatofautisha, na sisi tutofautishe.

Tena sisi, wakristo wa Kanisa lililotoka Nkamba, tunajua kupima. Nyimbo zetu tunazipokea. Mtu analetewa wimbo katika ndoto au katika maono. Lakini wimbo uliopokelewa hauimbwi na kanisa lote kesho yake asubuhi. Unapelekwa kwanza, unachunguzwa, maneno yanaangaliwa, na mwingine haupiti. Sasa, ikiwa wimbo mtamu unapimwa hivyo, namna gani sauti ya usiku inayomwambia mtoto ajiue ipite bila kupimwa, ipewe nafasi mbele ya kanisa, na mtoto ahukumiwe kwa hiyo?

Namna ya kupima si ngumu sana. Mtu aliyepata maono anaendelea kula, kulala, kufanya kazi, kusalimu watu; maono yanapita naye anabaki mzima. Hata mtu wa kawaida aliyefiwa anaweza kusikia marehemu akimwita jina, mara moja au mbili, na hiyo peke yake si wazimu. Lakini kijana ambaye kwa majuma mawili au zaidi hali, halali, haongei, haogi, hapendi tena alichokipenda, na sauti inamtukana au kumwamuru afe, huyo ni mgonjwa. Apelekwe ospitali.

Fimbo 12

Tukumbuke jambo la Papa Simon Kimbangu mwenyewe. Alipokuwa mbele ya baraza la askari huko Thysville, mwaka wa 1921, mwili wake ulishikwa na kutetemeka. Akaitwa munganga wa serikali. Akaamuru nini? Maji ya baridi na fimbo 12. Tarehe 3 Oktoba akahukumiwa kufa, kiisha mfalme wa Ubelgiji akaigeuza hukumu kuwa kifungo cha maisha, na Papa akakaa gerezani miaka 30, mpaka kufa kwake Elisabethville tarehe 12 Oktoba 1951.

Watoto wa Papa huyo hawawezi kumpiga fimbo mtu anayetetemeka. Hawawezi kumfunga kamba, kumtia pilipili machoni, kumchanja, kumfungia chumbani, hata kama mfumu au nabii wa makanisa mengine amesema ndiyo dawa.

Na mjomba anayetaka kumfukuza ajue sheria ya nchi. Katiba ya mwaka wa 2006, kifungu cha 41, inakataza kumshitaki mtoto juu ya ulozi. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009, kifungu cha 160, inampa anayefanya hivyo kifungo cha mwaka 1 hadi 3 na faini ya franka 200.000 hadi 1.000.000. Mtoto ni kila mtu ambaye hajafika miaka 18. Sheria haisemi «isipokuwa mtoto akijishitaki mwenyewe».

Kwenda kwa munganga

Kama mambo yameanza kwa ghafula, kwa siku mbili tatu, pamoja na homa, shingo kukazana au mtoto kutojua aliko, msingoje hata kesho. Malaria ya kichwa na menenjiti vinaweza kufanana na wazimu, navyo vinaua upesi. Kifafa, bangi na pombe navyo vinaweza kuleta sauti. Ndiyo sababu damu inapimwa kwanza, na munganga anauliza maulizo mengi. Asijibiwe uongo juu ya bangi kwa sababu ya haya.

Kama ni huzuni, hapa Goma kuna kituo cha Tulizo Letu cha Mafrere wa Charité, na Bukavu kuna SOSAME. Shirika la Mafrere hao lilianza Gand, Ubelgiji, mwaka wa 1807, na kuwatunza wagonjwa wa akili ni kazi yao ya siku nyingi. Aliye mbali aanzie kwenye kituo cha afya cha karibu, aombe barua ya kutumwa.

Huzuni yenye sauti inatunzwa kwa kawaida na dawa mbili pamoja: moja ya huzuni, kama fluoksetini, na moja ya kutuliza sauti, kama risperidoni au haloperidoli. Munganga ndiye anayechagua na kupima, kwa sababu mwili wa kijana si wa mtu mzima. Msichukue vidonge vya shangazi ambavyo vilimfaa shangazi. Dawa ya sauti inaweza kuanza kusaidia kwa siku chache au majuma machache. Ya huzuni inakawia, inahitaji majuma 4 hadi 6. Wengi wanaacha katika juma la pili, wanasema imeshindwa.

Sasa wamama wa maombi wasikilize sana hapa. Dawa hizi za sauti, zaidi haloperidoli, katika siku za kwanza zinaweza kumkaza kijana misuli. Shingo inapinda upande, macho yanageuka juu, ulimi unatoka nje. Anayeona hivyo usiku anapiga kelele kwamba pepo amejionyesha. Si pepo, ni dawa, na iko dawa nyingine inayoondoa hali hiyo upesi. Mrudisheni ospitali usiku huo huo. Maombi mfanye njiani.

Jambo jingine linaloweza kudanganya kanisa ni hili. Sehemu ya vijana hao wana ugonjwa wenye pande mbili: leo huzuni, kesho kinyume chake. Kijana aliyekuwa kama amekufa anaamka ghafula na furaha kubwa, halali siku tatu, anasema bila kupumua, anajiita mtume, anagawa nguo zake barabarani. Watu wanapiga vigelegele: amepona, Roho amemshukia! Hapana, huo ni upande wa pili wa ugonjwa, na wakati mwingine dawa ya huzuni ndiyo imeuamsha. Munganga aambiwe siku hiyo hiyo.

Wengine wanauliza kama kumeza kidonge ni kukana maji ya Nkamba. Kidonge hakimezwi kikavu. Anayetaka akimeze kwa maji hayo, ameyafanya yote mawili.

Ndani ya nyumba

Sauti inayosema «jiue» isichukuliwe kama maneno matupu. OMS inahesabu kwamba kati ya watu wa miaka 15 hadi 29 duniani, kujiua ni sababu ya tatu ya kifo. Muulizeni kijana waziwazi: «Mwanangu, unafikiri kufa? Sauti inakuambia ufanye nini?» Kumuuliza hakumtii wazo hilo kichwani, kunampa mlango wa kulitoa. Akisema ndiyo, asibaki peke yake hata saa moja, usiku wala mchana, mpaka afike kwa munganga. Dawa za panya, dawa za shamba na vidonge vya nyumba nzima viwekwe mahali penye kufuli, na ufunguo ukae na mtu mmoja. Hata vidonge vyake mwenyewe asivishike. Mzazi ampe cha siku. Majuma ya kwanza ya dawa yanahitaji macho zaidi, kwa kuwa nguvu za mwili zinaweza kurudi kabla moyo haujapona.

Msibishane naye juu ya sauti. Kumwambia «unadanganya» ni kumwongezea upweke, na kumwambia «ndiyo, hata sisi tunamsikia» ni kumtia moto. Semeni hivi: «Tunajua wewe unaisikia. Sisi hatuisikii. Ugonjwa ndio unaileta, na tuko hapa na wewe.» Akirudia kwamba ameua, mjibuni kwa neno moja kila mara, kwa upole: «Mdogo wako aliuawa na homa. Si wewe.» Atasema mara mia. Jibuni mara mia.

Mchungaji ana kazi yake katika jambo hili, nayo ni kubwa. Kijana akianguka na kuanza kujishitaki katika ibada, wamama wawili wamchukue polepole, wamkalishe kando, wampe maji, na wimbo uendelee. Mikrofoni isimfikie. Maungamo yake yasiandikwe, yasirekodiwe katika simu, na jina la mtu aliyemtaja lisitoke hapo. Kiisha mchungaji aende nyumbani siku hiyo hiyo, aketi na wazee wa jamaa, na mjomba awemo. Aseme mbele yao kwamba mtoto ni mgonjwa, kwamba kanisa halimwiti mlozi. Neno la mchungaji lina uzito ambao karatasi ya ospitali haina. Mjomba asiyeamini munganga atamwogopa mchungaji. Na kama jamaa haina franka za njia na za dawa, mashemasi waitafutie, maana dawa itachukua muda mrefu: kijana akipona, munganga kwa kawaida anamwendeleza nayo miezi 9 hadi 12 mbele ya kuipunguza kidogo kidogo.

Siku atakapopona, atakumbuka aliyoyasema. Wengine wanakumbuka yote, neno kwa neno, na haya inawarudisha ndani. Kwa hiyo asiulizwe. Asiitwe mbele kutoa ushuhuda wa kufunguliwa kutoka ulozi, kwa sababu hakuna ulozi aliofunguliwa. Akitaka mwenyewe kusema kwamba alikuwa mgonjwa na sasa ni mzima, aseme. Kama ni mpiga filimbi, mkubwa wa kundi amwekee nafasi yake katika mstari, aanze na mazoezi mafupi. Dawa zinaweza kumfanya mikono iwe mizito kwa muda, wenzake wasimcheke. Shuleni mzazi aende kumwona prefe, aeleze kwamba mtoto alikuwa amelazwa, bila kusema zaidi ya hapo, na aombe arudie mitihani aliyoikosa.